Duka linauza, mbona mtaji unapungua? Hesabu ya faranga na dola kwa wenye maduka madogo wa Lubumbashi

Kaye, daftari lako la hesabu, inaonyesha faida kila jioni. Wateja hawakatiki. Lakini kila ukirudi depo, kwa muuzaji wa jumla, mzigo unaorudi nao ni mdogo kuliko wa safari iliyopita. Miezi michache nyuma ulikuwa unabeba magunia kumi ya unga, leo fedha zile zile zinatosha nane, na huelewi mawili yamekwenda wapi. Hapo ndipo lawama huanza: mtoto wa duka ameiba, au jirani ana mkono wake. Wizi upo, hatukatai. Ila katika maduka mengi ya komini za Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba hapa mjini, magunia yale mawili yalipotea mchana kweupe, kwa mkono wa mwenye duka mwenyewe, kwa sababu aliuza kwa sarafu moja bidhaa aliyoinunua kwa bei inayofuata sarafu nyingine.

Jambo hili linachanganya kwa sababu ndani yake kuna mambo manne au matano yanayotokea kwa wakati mmoja. Tuyatenganishe.

Kwanza, kwa nini dola. Mwaka 1993 sarafu ya nchi, zaire ya zamani, ilibadilishwa kuwa zaire mpya, milioni tatu kwa moja. Mwaka 1998 zaire mpya nayo ikaondoka, 100,000 kwa faranga moja ya Kongo. Waliokuwa na akiba ya noti waliona jasho lao likifutwa mara mbili katika miaka mitano, na tangu hapo akiba, kodi ya nyumba na bei za mzigo mkubwa zikabaki kwenye dola. Faranga ikabaki sarafu ya rejareja: mkate, unga wa kupima, mboga, nauli. Kati ya 2012 na 2015 dola moja ilikaa karibu na faranga 920, watu wakasahau hofu. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa karibu 1,600, na 2024 ilishapita 2,700.

Mwenye duka dogo anakaa katikati ya sarafu hizo mbili. Anauzia watu wa faranga, anarudi kununua kwa watu wa dola. Hata pale depo wanapokutajia bei kwa faranga, iulize asubuhi na uiulize tena jioni ya siku ambayo kiwango kimesogea: utaona ni bei ya dola iliyovaa faranga.

Tuchukue gunia moja la unga wa mahindi la kilo 25. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Gunia linauzwa dola 20, kiwango ni 2,800, kwa hiyo umelipa faranga 56,000. Kulifikisha dukani ni 2,000. Jumla 58,000. Ukipima kwa rejareja hupati kilo 25 kamili: vumbi linabaki ndani ya gunia, kidogo kinamwagika, kipimo kinajaa kupita kiasi mkono ukichoka. Hesabu kilo 24 na nusu. Ukiuza kilo kwa 2,600 unapata 63,700. Toa 58,000, inabaki 5,700. Kaye inaandika faida 5,700, na jioni hiyo fedha zinakwenda nyumbani: makala (makaa), samaki, sabuni.

Lakini gunia limechukua siku nne kuisha, na katika siku hizo nne kiwango kimetoka 2,800 hadi 2,950. Depo haijapandisha bei yake, bado ni dola 20. Ila kwa faranga gunia sasa ni 59,000, na usafiri 2,000, jumla 61,000. Wewe umebaki na 58,000 mkononi, kwa kuwa 5,700 imeshaliwa. Zimekosekana 3,000. Kwa gunia moja utazitoa mfukoni bila kuona. Kwa magunia kumi ni 30,000, karibu nusu ya gunia, na hilo ni zunguko moja tu.

Kosa lilikuwa kuhesabu faida kwa bei uliyonunulia. Faida ya kweli ya gunia lile ilikuwa 63,700 kutoa 61,000, yaani 2,700. Ile 3,000 nyingine ilikuwa sehemu ya gunia linalofuata. Ndiyo sababu wenye duka waliodumu huuliza swali moja kabla ya kupanga bei ya leo: nikienda depo kesho, gunia hili nitalirudisha kwa faranga ngapi? Hiyo tuiite bei ya kurudishia. Bei uliyonunulia ilishapita, inakusaidia tu kujua ulipotoka. Bei ya rafu hupangwa kwa bei ya kurudishia.

Kwa unga jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hata bei ya dola haitulii. Sehemu kubwa ya unga na mahindi yetu hupita Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka mjini, ikitoka Zambia. Mavuno huanza karibu Aprili na Mei, na kati ya Desemba na Machi ndio wakati mgumu. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia mpaka serikali yake ikatangaza janga la taifa, na mwezi Agosti mwaka huo huo Zambia ikafunga mpaka kwa muda kutokana na mvutano wa biashara na Kongo. Mtu aliyekuwa anauza magunia ya mwisho kwa bei ya wiki iliyopita aliyamaliza haraka, akasifiwa na wateja, kisha akakosa fedha za kurudisha.

Ni lazima kusema hapa: kupandisha bei kwa kufuata bei ya kurudishia si kumkamua mteja. Mtaa ukipoteza duka, mama anayenunua kilo mbili kwa siku atatembea mbali zaidi na kulipa nauli. Kinachomkasirisha mteja, na ana haki, ni bei inayopanda siku dola inapopanda na kugoma kushuka siku dola inaposhuka.

Na dola hushuka. Hili ndilo lililowashtua wengi mwishoni mwa 2025, faranga ilipopata nguvu kwa haraka na kiwango kikatoka juu ya 2,800 hadi chini ya 2,500 ndani ya majuma machache. Wenye duka walioshika bidhaa ya kiwango cha juu walisema, “Nilinunua ghali, siwezi kushusha.” Turudi kwenye gunia letu. Umelinunua na kulisafirisha kwa 58,000. Kiwango kimeshuka hadi 2,400. Jirani amekwenda depo leo, amelipa dola 20, yaani 48,000, na usafiri 2,000. Anauza kilo kwa 2,300. Wewe ukibaki kwenye 2,600 wateja wote ni wake, na unga wako unakaa. Katika miezi ya mvua unga unaokaa hushika unyevu, hugandamana, huingia wadudu.

Ukishusha hadi 2,300 unapata 56,350. Kaye ya zamani inalia: hasara ya 1,650. Lakini kulirudisha gunia sasa ni 50,000. Una gunia jipya na 6,350 juu yake. Hukupoteza gunia, umesonga mbele. Kanuni ile ile iliyokufanya upandishe bei ndiyo inayokuruhusu kushusha bila hofu, na anayeielewa kwa upande mmoja tu atapata shida upande wa pili.

Anayeumia kweli faranga ikipanda ni yule aliyeficha kila kitu kwenye dola huku matumizi yake yakiwa ya faranga: mshahara wa msaidizi, ushuru wa soko, chakula cha nyumbani. Dola zake 100 zilizokuwa 280,000 zimekuwa 240,000, na bei za mboga sokoni hazikushuka. Kwa hiyo ushauri wa “badilisha kila kitu kuwa dola kila jioni” si mzuri kama unavyosikika. Weka kwenye dola kile utakachokwenda kununulia mzigo wa dola. Weka kwenye faranga matumizi ya wiki mbili au tatu.

Tena kubadilisha kuna gharama. Kambisti, yaani mbadilisha fedha wa mtaani, ana viwango viwili: anachonunulia dola yako na anachokuuzia. Tuseme ananunua kwa 2,780 na kuuza kwa 2,820. Ukibadilisha faranga kuwa dola Jumatatu na kurudisha faranga Alhamisi kwa sababu ulikosa fedha za usafiri, umepoteza 40 kwa kila dola hata kama soko halikusogea. Ni kama asilimia 1.4. Inaonekana ndogo, lakini faida yote ya gunia letu ilikuwa chini ya asilimia 10, kwa hiyo umempa kambisti karibu sehemu moja ya saba ya faida yako kwa kwenda na kurudi mara moja. Badilisha mara moja kwa juma, kwa kiasi kinachotosha mzigo, siku moja kabla ya depo. Hesabu noti mbele yake, zikunjue moja moja. Dola yenye mpasuko mdogo, mhuri au doa hukataliwa au hupunguzwa thamani, na ikishaondoka kwa kambisti hakuna wa kumrudishia. Wanaotumia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money wana mfuko wa dola na mfuko wa faranga ndani ya simu moja, ni mahali pazuri pa kutenganisha fedha za mzigo na za matumizi. Angalia tu gharama ya kutoa kabla ya kuingiza kiasi kidogo kidogo.

Na duka lenyewe ni kambisti bila kujua. Mteja analeta noti ya dola 20 kununua kilo tano, unamrudishia chenji kwa faranga. Kwa kiwango gani? Kama hujakiamua asubuhi, atakuamulia yeye, kwa kile alichosikia barabarani. Kiandike kwenye kibao, kila siku, kiwe chini kidogo ya kile kambisti anachonunulia. Kama kambisti anachukua kwa 2,780, wewe chukua kwa 2,750. Tofauti hiyo inalipa safari yako ya kwenda kubadilisha na hatari ya noti mbovu.

Deni linaumiza zaidi ya kiwango

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo maduka mengi hufia. “Yaya, unipatie kwanza, mwisho wa mwezi nitalipa.” Anayesema hivyo ni jirani, mnasali pamoja, na mwisho wa mwezi atalipa kweli. Tuchukue aliye mwaminifu kabisa.

Amechukua kilo tano tarehe 5, faranga 13,000, kiwango 2,800. Amelipa 13,000 kamili tarehe 30, kiwango 2,950. Ulimpa bidhaa ya dola 4.64, amekurudishia 4.41. Umepoteza karibu asilimia 5, nusu ya faida yako, kwa mteja mwaminifu. Wengi wakiligundua hili huanza kuandika madeni kwa dola. Ni sawa kwa deni kubwa, mkubaliane mapema. Kwa deni la unga wa siku tatu, mteja anayelipwa kwa faranga ataona umemfunga.

Lakini kiwango ni sehemu ndogo ya hasara. Gunia letu huisha kwa siku nne. Katika siku zile 25, fedha za deni lile zingezunguka mara sita. Ndani ya 13,000, mtaji ni karibu 11,800, na kila zunguko huleta karibu 1,150. Mara sita ni karibu 7,000. Kwa hiyo kiwango kimekula chini ya 700, na kusimama kwa mtaji kumekula mara kumi ya hapo. Hesabu hii ni kweli kama mzigo ungeisha kila mara. Kama una magunia yanayokaa rafuni, fedha isingezunguka, na deni kwa mtu wa kuaminika halikuumizi sana. Ndiyo maana siku za tarehe 20 kuendelea, mifuko ya mtaa ikiwa mitupu na mzigo umelala, deni dogo linaweza kuwa na akili, na tarehe 2, watu wakiwa na mishahara, halina akili hata kidogo.

Panga kikomo kwa duka zima, si kwa mtu mmoja mmoja. Madeni yote pamoja yasipite faida ya juma moja au mawili. Yakifika hapo, hakuna jipya mpaka la zamani lilipwe, na jibu kwa mteja ni rahisi na halimvunjii heshima: “Mama, kaye imejaa, nasubiri waliotangulia.” Jina, tarehe, kiasi, na siku ya kulipa viandikwe mbele yake. Siku ya kulipa ndiyo inayosahaulika kuandikwa, na ndiyo muhimu.

Rafu na sahani ya nyumbani

Kilo moja ya unga kwa siku inayotoka rafuni kwenda kwenye bukari (ugali) ya nyumbani ni zaidi ya gunia moja kwa mwezi. Hakuna ubaya mwenye duka kula cha duka lake. Ubaya ni kisipoandikwa, kwa sababu mwisho wa mwezi gunia hilo linaonekana kama wizi, na msaidizi asiye na kosa anafukuzwa. Andika kila kinachotoka, kwa bei ya kurudishia. Kisha jipangie mshahara wa juma kwa faranga, na vilivyotoka rafuni vikatwe humo. Mshahara huo uanze mdogo, chini ya nusu ya faida ya kweli, mpaka uone magunia hayapungui.

Kipimo nacho kina hesabu yake. Meka au kopo hujazwa kwa mkono, na unga uliopepetwa hukaa mwepesi wakati ule uliogandamana hukaa mzito. Kopo lile lile linaweza kutoa kilo zaidi au pungufu kwa kutegemea siku. Mara moja kwa mwezi pima makopo kumi kwenye mizani, gawanya kwa kumi, upange bei ya kopo kwa uzito huo. Kupunguza kopo kwa kulibonyeza kitako ili ufidie dola iliyopanda ni udanganyifu, na mtaa hugundua. Pandisha bei kwa uwazi.

Sasa ukaguzi wa juma, unaochukua nusu saa. Chagua siku na saa ile ile, kabla ya kufungua, Jumatatu kwa mfano. Hesabu kila kitu kwa magunia. Rafuni yapo sita. Faranga za mtaji ni 122,000, na kurudisha gunia leo ni 61,000, hayo ni mawili. Dola ni 40 kwa kiwango cha 2,950, yaani 118,000, karibu gunia 1.9. Madeni ambayo hayajapita mwezi ni 61,000, gunia moja. Yaliyopita mwezi yaandike pembeni, usiyahesabu. Jumla 10.9. Juma lililopita ilikuwa 11.2. Basi umekula karibu theluthi ya gunia, hata kama kaye inasema umepata faida kila siku. Kama duka lina sukari, mafuta, sabuni na mchele, fanya hivyo kwa zile bidhaa tatu au nne zinazobeba fedha nyingi, na nyingine zote zigeuze kuwa dola kwa kiwango cha asubuhi hiyo.

Si kila biashara inahitaji hili. Mama anayeuza mboga za lengalenga na kalembula kutoka bustani za pembezoni mwa mji ananunua kwa faranga na kuuza kwa faranga siku hiyo hiyo. Hatari yake ni jua na kuoza, na kubadilisha dola kila jioni ni kumlisha kambisti bure. Muuza makala vivyo hivyo, kwa sehemu kubwa. Lakini muuza samaki wa barafu anabeba yote mawili: bidhaa ya dola, na umeme unaokatika.

Ushuru na patanti, kibali cha biashara ndogo, viingizwe kwenye bei kama usafiri unavyoingizwa. Biashara ndogo nchini inaongozwa na sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, na patanti ni ya mwaka kwa mfanyabiashara asiyeandikishwa kwenye RCCM, rejista ya biashara. Chochote utakacholipa kwa mwaka kigawe kwa majuma 52, ukiweke pembeni kila Jumatatu kwenye mfuko wa faranga. Stakabadhi zote zikae kwenye bahasha moja dukani, si nyumbani, kwa sababu anayekuja kukagua anakukuta dukani, na asiye na karatasi ya kuonyesha huishia kulipa mara mbili.

Kuhusu likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu: angalia sarafu na zamu. Watu kumi wakiweka faranga 28,000 kila juma, wa kwanza anapokea dola 100 kwa kiwango cha 2,800. Wa kumi, kiwango kikiwa kimefika 2,950, anapokea dola 95 kwa faranga zile zile. Kama kundi lenu ni la wenye duka wanaonunua kwa dola, wekeni dola. Kama ni la wanaolipwa kwa faranga, wekeni faranga na muweke zamu fupi, watu sita badala ya kumi na wawili.

Mkopo wa benki au wa taasisi ndogo ya fedha kwa kawaida hutolewa na kulipwa kwa dola. Kabla ya kutia sahihi, geuza malipo ya mwezi kuwa magunia. Malipo ya dola 30, kwa faida ya kweli ya 2,700 kwa gunia na kiwango cha 2,950, ni 88,500, yaani magunia 33 yauzwe kwanza ndipo uanze kujilisha. Magunia yakiisha kila baada ya siku nne, kwa siku 28 za kuuza unazunguka mara saba. Mwenye magunia matano kwa zunguko anauza 35 kwa mwezi: atalipa, na atabaki na faida ya magunia mawili. Mwenye manne anauza 28, na faida ya yale matano yanayokosekana ataitoa kwenye mtaji, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Huyo aombe mkopo mdogo zaidi, au muda mrefu zaidi, kabla ya kuchukua fedha.